UZI: Mashirika ya kimataifa yalipie uhifadhi wa urithi wa muziki, au hela inaishia kwenye fomu?

#1 · RiliKubwa
Wakuu, salaam. Naleta hoja, nipingeni kwa data.

Muziki fulani ukiingia kwenye orodha ya UNESCO watu hushangilia utadhani hundi imeshatoka. Orodha si hundi. Hela iko kwenye Mfuko wa Urithi wa Utamaduni Usioshikika uliotokana na Mkataba wa 2003, na ili uipate lazima liandikwe ombi jingine kabisa. Tena mwombaji ni serikali ya nchi mwanachama. Kikundi cha wapiga ngoma hakiombi, redio haiombi, chuo hakiombi.

Msimamo wangu: mashirika haya yatoe hela, ila kwa kazi moja tu, kunakili kanda, sahani na silinda za nta (rekodi za kale kabisa) zilizopo kabla hazijaoza. Warsha, matamasha na kufundisha vijana waachiwe wenyewe. Kanda ina tarehe ya kufa, ngoma haina.

#2 · Kibuyu_cha_Tano
Eti ngoma haina tarehe ya kufa! Mkuu, tafuta habari za bigwala ya Busoga, Uganda. Ni tarumbeta za vibuyu, tano au zaidi, na kila moja inatoa sauti moja tu. Wimbo unapatikana kwa wapigaji kupokezana, kila mtu anaingia pale sauti yake inapohitajika. Hakuna anayeubeba wimbo mzima peke yake. Akiondoka mmoja bila mrithi, wimbo unabaki na tundu, na tundu hilo huwezi kuliziba kwa kumwambia aliyebaki apige zaidi.

UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya wanaohitaji ulinzi wa haraka mwaka 2012. Hela ilipokuja, sehemu ya kazi ilikuwa kuotesha vibuyu, maana mmea wenyewe ulishaadimika. Sasa niambie, kanda ngapi zingeotesha mbegu?

#3 · Afisa_Mafaili
Nasahihisha #1 kidogo. Si kweli kwamba ombi la hela ni jingine kila mara. Kwa orodha ya ulinzi wa haraka ipo fomu ya pamoja, ICH-01bis, inayoomba kuorodheshwa na msaada wa fedha kwa mpigo. Ukitaka msaada peke yake ndipo unajaza ICH-04.

Hesabu ziko hivi. Ombi lisilozidi dola 100,000 linaamuliwa na Ofisi ya Kamati, yaani wajumbe wachache, na halisubiri mkutano mkuu wa mwaka. Likizidi hapo linakwenda Kamati nzima. Zamani kikomo kilikuwa dola 25,000, kikapandishwa 2016. Ombi la bigwala liliwekwa chini kidogo tu ya hiyo 25,000, na mwenye macho anajua kwa nini.

Na mfuko wenyewe haujazwi na wafadhili wakubwa kama wengi wanavyodhani. Kwa Ibara ya 26, mchango wa lazima wa nchi hauwezi kuzidi asilimia 1 ya kile inacholipa kwenye bajeti ya kawaida ya UNESCO. Ni kisima kidogo hicho.

#4 · FundiHedi
Tuweke falsafa pembeni tuangalie kilichopo mezani. Kanda za rili hazifi kifo kimoja, na mtoa hela asiyejua tofauti anaweza kulipia uharibifu.

Kanda za plastiki ya asiteti: inua rili mbele ya taa, mwanga unapenya ubavuni. Ikikatika inakatika kavu, unaiunga bila shida. Ugonjwa wake ni harufu ya siki. Inaachia asidi, asidi inaharakisha kuoza, na rili moja inayonuka ikifungiwa na nzima inaziharibu nazo. Kuna vikaratasi vya kupimia: vinaanza buluu, vinakwenda kijani, vikifika njano ujue umechelewa. Kanda hii HAIWEKWI kwenye joto hata kwa kujaribu.

Za plastiki ya poliesta: mwanga haupenyi, na ukiivuta inarefuka kabla ya kukatika. Nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zenye mgongo mweusi (Ampex 456 ndiyo inayotajwa sana) gundi yake imenyonya unyevu. Ukiicheza inapiga kelele, inakwama, na kwenye hedi (kichwa cha mashine kinachosoma kanda) unakuta unga wa kahawia. Huo unga si uchafu, ndio wimbo wenyewe. Dawa ya muda ni joto kavu la nyuzi 50 hivi, saa 8 hadi 12, ndani ya kabati la maabara lenye joto lisiloyumba. Ipoe taratibu, halafu uinakili ndani ya wiki chache, kwa sababu ugonjwa unarudi.

Kwa hiyo kabla ya dola yoyote ya mashine, ilipwe dola ya kuchambua: asiteti huku, poliesta kule, zenye ukungu chumba kingine kabisa. Miradi mingi inaruka hatua hii kwa sababu haipigwi picha.

#5 · Mchokozi
Kwa hiyo urithi wa ubinadamu unaokwa saa nane kama mkate. Haya, tuendelee.

#6 · FundiHedi
@Mchokozi cheka, ila usitumie oveni ya jikoni. Kidhibiti chake kinawasha na kuzima, joto linaruka nyuzi 15 juu na chini, na kwenye oveni ya gesi mwako unatoa mvuke wa maji, unyevu uleule unaoukimbia.

#7 · HesabuKwanza
Naunga mkono #1 kwa nusu. Tupige hesabu ya maktaba yenye saa 10,000 za sauti.

Kiwango ambacho maktaba nyingi hutumia ni sampuli 96,000 kwa sekunde (IASA, chama cha maktaba za sauti duniani, kinataka zisipungue 48,000), biti 24, faili la WAV lenye taarifa ndani yake. Saa moja ya stirio ni gigabaiti 2.07. Saa 10,000 ni terabaiti 20.7, na nakala tatu ni 62. Hiyo ni kanda chache tu za LTO (kanda za kuhifadhi data za kompyuta), wala si gharama ya kumtisha mfadhili.

Kinachotisha ni watu. Kadirio la kawaida ni saa tatu za kazi kwa kila saa ya sauti: kusafisha, kurekebisha mashine, kusikiliza, kuandika taarifa, kuhakiki faili. Hapo una saa 30,000. Fundi mmoja akitoa saa 1,600 za kazi halisi kwa mwaka, ni miaka 18 na ushee. Mradi wa kimataifa unadumu miaka miwili au mitatu. Kwa hiyo ama uajiri mafundi sita na zaidi kwa mpigo, ambao hawapo, ama uchague saa 1,000 na kuziacha 9,000.

Halafu mradi ukiisha, gharama hazijaisha. Mashine ya LTO-9 inasoma kanda za LTO-8 na 9 tu. Uliyohifadhi kwenye LTO-7 inahitaji mashine ya zamani, au uhamishe kila kitu. Nani analipia uhamisho wa mwaka wa saba? Kwenye fomu hakuna mstari huo. Naona hapa ndipo hela ya kimataifa inapopotea: haiibiwi, inakauka.

#8 · Silinda_ya_Nta
Mnazungumza kana kwamba kila kitu kiko kwenye kanda na kiko nyumbani kwake. Maktaba ya sauti ya Vienna ilianza 1899, ya Berlin 1900. Rekodi za kwanza za muziki wa watu wengi duniani ziko huko, za Berlin zikiwa kwenye silinda za nta, na mikusanyo ya maktaba zote mbili iliingia kwenye rejesta ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1999. Rejesta hiyo nayo haitoi hela, ni heshima.

Silinda moja ilibeba dakika mbili tatu. Wimbo wa nusu saa ulikatwa palepale, wakati mwingine kabla kiitikio hakijaingia. Kwa hiyo anayeifanya silinda kuwa kielelezo cha wimbo ulivyokuwa anaweza kujenga juu ya kipande. Ila kuna jambo moja la kupendeza: warekodi wa Berlin walielekezwa kupuliza kipenga cha sauti A ya mitetemo 435 kwa sekunde mwanzoni mwa silinda. Bila kipenga hicho hujui mashine ilizunguka kwa kasi gani, na mwanamume mzee anaweza kusikika kama kijana. Ukipata nakala ya kidijitali, sikiliza kwanza sekunde za mwanzo. Kama wamezikata ili "kusafisha", dai faili ghafi.

Msimamo wangu: hela ya kimataifa iende kwenye kurudisha nakala pamoja na daftari za uwandani. Sauti bila daftari ni kelele yenye namba.

#9 · Mwanasheria_Pembeni
#8 umegusa penyewe, ila kuna kizingiti. Nakala zikirudi, nani ana haki ya kuzitoa? Mkataba wa WIPO (shirika la haki miliki duniani) wa 1996 kuhusu maonyesho na rekodi za sauti ulimtambua pia anayeonyesha sanaa za jadi kuwa msanii mwenye haki, ulinzi usiopungua miaka 50. Hiyo inamlinda aliyeimba, haiulindi wimbo wa jadi wenyewe. Kuhusu wimbo, kamati ya WIPO inajadiliana tangu 2000. Mkataba uliopatikana 2024 unahusu rasilimali za kijenetiki na maarifa ya jadi yanayoambatana nazo, muziki haumo.

Kwa vitendo: mfadhili anadai kila kitu kiwekwe wazi mtandaoni, na kati ya rekodi hizo kuna nyimbo za jando, za maombolezo, au za kuimbwa na jinsia moja. Weka ngazi za ruhusa tangu kwenye jedwali la taarifa: wazi, ya kusikiliza maktabani, ya wenye mila pekee. Ukiziacha uje kuziongeza mwishoni, faili zimeshapakuliwa duniani kote.

#10 · Kibuyu_cha_Tano
Nimesoma hesabu za #7. Miaka 18 ya fundi! Kwa hela hiyo ungewalipa wazee wangapi wafundishe?

#11 · RiliKubwa
Na wazee wakifundisha vibaya, utalinganisha na nini?

#12 · Kibuyu_cha_Tano
Na kanda iliyorekodiwa kwenye sherehe ya kumpokea mkubwa fulani, dakika tatu, huku mtangazaji anaongea juu yake, hiyo ndiyo kipimo?

#13 · Mchokozi
Nachukua karanga. Ongezeni sauti.

#14 · Lango_la_Serikali
Tatizo mnalizunguka. Tatizo ni mlango. Mkataba wa 2003 umezungumzia jamii na vikundi vizuri sana, lakini anayesaini, anayeomba na anayetoa ripoti ni serikali. Mfano uko wazi: ngoma za kifalme za Burundi ziliorodheshwa 2014. Oktoba 2017 ikatoka amri ya rais iliyokataza wanawake kupiga ngoma hizo na kuvitaka vikundi vipitie wizarani. Sasa shirika la kimataifa likitaka "kusaidia ngoma", linasaidia ya nani? Ya waliosajiliwa.

Ndiyo maana mimi naamini zaidi mifuko isiyopitia serikali. Mpango wa kumbukumbu zilizo hatarini wa British Library, ulioanza 2004 kwa fedha za wakfu wa Arcadia, unapokea maombi ya watafiti na taasisi moja kwa moja, na asili haiondoki nchini kwake. Nakala tu ndiyo inayosafiri.

#15 · Maktaba_ya_Redio
#14 mfano wako unakupiga mwenyewe. Kazi kubwa inayojulikana ya mpango huo kwa upande wa muziki ni maktaba ya redio ya taifa ya Guinea, zaidi ya nyimbo 9,000. Zilirekodiwa na nani? Na serikali. Baada ya uhuru wa 1958 dola ilizidhamini bendi za taifa na za mikoa, ikawa na lebo yake ya rekodi, Syliphone. Mwaka 1985, kwenye jaribio la mapinduzi, kituo cha redio kilishambuliwa na sehemu ya maktaba ikateketea. Kilichookolewa kilikuwa kwenye rafu za redio ya serikali, na aliyekuja kunakili alihitaji ruhusa ya serikali kuingia.

Mlango ni ule ule, mkuu. Unabadilisha tu jina la anayegonga.

#16 · Lango_la_Serikali
Aliyelipia ni mmoja, aliyetunza ni mwingine, aliyenakili ni wa tatu. Sijasema serikali isiwepo. Nimesema isiwe peke yake yenye kalamu.

#17 · Mti_wa_Marimba
Nyote mmesahau mti. Timbila, marimba za Wachopi wa Msumbiji, zilizotangazwa na UNESCO 2005 na kuingizwa kwenye orodha 2008, vibao vyake ni vya mwenje. Mti huo umekatwa mno na unakua polepole. Ukiweka mti mwingine sauti inafifia mapema, na kibao kinahitaji kuchongwa tena kila mara: ukipunguza mbao katikati chini, sauti inashuka, ukipunguza ncha, inapanda. Mbao laini inanyonya unyevu na kuteleza toka kwenye sauti yake. Unaweza kuwa na kanda safi na mwalimu hai, ukakosa kibao.

Tena angalieni vituko. Januari 2017 karibu jenasi nzima ya miti ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, ikaingia Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini. Ghafla msafirishaji wa klarineti iliyokamilika akahitaji kibali. Ilibidi mkutano wa 2019 uondoe vyombo vya muziki vilivyokamilika na sehemu zake. Mkataba mmoja wa kimataifa unatoa hela ya kuhifadhi muziki, mwingine unashikilia ala mpakani. Hela ya kwanza ningeielekeza kwenye vitalu vya miche, na kwa mti kama mwenje usitegemee mbao ndani ya mradi wa miaka mitatu.

#18 · Afisa_Mafaili
#17 fomu inaruhusu hilo. Vibuyu vya bigwala vilipita. Andika mti kama sehemu ya "kurithisha", usiuandike kama "mazingira", la sivyo mtathmini atakuambia nenda kwa wafadhili wa misitu.

#19 · HesabuKwanza
Hapo ndipo ujuzi wa kujaza fomu unapozidi ujuzi wa muziki. Nakazia kichwa cha uzi.

#20 · RiliKubwa
Sawa, ngoma zinakufa, miti inakufa. Lakini mwalimu anaweza kuanza mwaka huu au mwakani. Kanda haisubiri, na mashine haisubiri. Mwaka 2019 UNESCO na IASA walitoa tahadhari ya kanda za sumaku: ikifika 2025 hivi, sehemu nyingi duniani uwezo wa kuzicheza kwa kawaida utakuwa umekwisha. Tumeshafika huko. Na kutegemea hela za kimataifa nako kuna hatari yake. Marekani, iliyokuwa inabeba asilimia 22 ya bajeti ya UNESCO, iliacha kulipa 2011, ikatoka mwisho wa 2018, ikarudi 2023, na Julai 2025 ikatangaza kutoka tena. Ukipanga miaka 18 juu ya msingi huo, unajenga kwenye mchanga.

#21 · Afisa_Mafaili
Marekani si mwanachama wa Mkataba wa 2003, kwa hiyo mchango wa lazima wa mfuko huo haukuwa wake. Ulioumia ni upande wa wafanyakazi na programu nyingine. Tutenganishe.

#22 · RiliKubwa
Wafanyakazi wanaosoma maombi ni walewale. Foleni ikirefuka imerefuka.

#23 · Ikolaiza
Naomba nirudi kwa #4 na #7, maana mmeruka sehemu inayoharibu nakala nyingi. Hela ikipatikana, watu hununua kiunganishi kizuri cha kompyuta na mashine yoyote ya rili. Hedi ndiyo ya kuangalia kwanza. Rekodi ya mono iliyojaza upana wote wa kanda, ukiicheza kwa hedi ya nusu, unapoteza nguvu ya sauti na kelele ya kanda inapanda. Rekodi ya nusu upana, ukiicheza kwa hedi ya upana wote, unasikia upande wa pili ukienda kinyumenyume chini ya wimbo. Kisha azimuthi, yaani pembe ya hedi dhidi ya kanda: pinda hedi kidogo kidogo ukisikiliza sauti kali kabisa, matoazi au herufi "s", hadi ing'ae. Fanya hivyo kwa KILA rili, usiweke mara moja asubuhi.

#24 · FundiHedi
Nakazia. Na ikolaiza pia, yaani kipimo cha kusawazisha besi na sauti kali. Redio nyingi zilizofuata Ulaya zilirekodi kwa kiwango cha IEC, mashine za Kimarekani zina NAB. Kwa kasi ya sentimita 19 kwa sekunde, IEC ni mikrosekunde 70, NAB ni 50 pamoja na 3180. Ukikosea, besi inajaa au inakauka.

#25 · Ikolaiza
Ila hiyo, mkuu, inarekebishika baadaye kwenye kompyuta kama umeandika ulitumia ipi. Azimuthi hairekebishiki. Kilichopotea kwenye hedi hakimo kwenye faili.

#26 · FundiHedi
Inarekebishika kama umeandika. Nionyeshe jedwali la mradi lenye safu hiyo.

#27 · Maktaba_ya_Redio
Kwa wanaoandika ombi, bajeti isiyochekesha ina haya: mashine mbili za aina moja, ya pili iwe ghala la vipuri, rola za mpira mpya, kapasita za kichujio cha umeme zibadilishwe KABLA ya kuwasha mashine iliyokaa miaka, maana zile za karatasi hupasuka na kujaza moshi chumbani, kanda ya majaribio ya kupangia mashine, kipima unyevu, kabati la joto, na mshahara wa mtu anayejua lugha ya nyimbo, si fundi tu. Huyo wa mwisho ndiye hukatwa kwanza bajeti ikibana, halafu unapata faili 4,000 zinazoitwa "Ngoma 1", "Ngoma 2".

#28 · Kibuyu_cha_Tano
Mtu anayejua lugha ya nyimbo. Yaani mzee. Tumerudi kwangu.

#29 · Mchokozi
Kibuyu 1, Rili 0.

#30 · RiliKubwa
Mzee huyo ataandika nini kama rili haichezi? Mechi inaendelea.

#31 · Mgeni_wa_Uzi
Asanteni, nimesoma yote. Swali: rili zenye ukungu mweupe ubavuni, zinawekwa kwenye joto au la?

#32 · FundiHedi
Hapana. Kwanza zitenge, vaa barakoa yenye kichujio na glavu. Ziache kwenye hewa kavu hadi ukungu ulale, uwe unga usionata. Ndipo unyonye kwa kifyonza vumbi chenye kichujio cha HEPA, bomba lisiguse kanda, na ufute pande zote mbili ukiizungusha polepole kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Boksi la zamani usilitupe hadi upige picha kila upande. Mara nyingi jina la mwimbaji limeandikwa hapo kwa penseli, na haliko kwingine.